Kiraka Alichokikataa Vlastimil

Vlastimil Doležel alijua kuandika programu kabla hajawahi kumiliki kompyuta. Shuleni kwao Třebíč kulikuwa na mashine moja tu kwa wanafunzi wote, na zamu yake ilikuwa saa moja kwa juma, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Siku nyingine zote aliandika kwa penseli katika daftari, akafuta, akaandika tena, hata Alhamisi ikifika asiwe na kazi nyingine ila kunakili. Baba yake, aliyekuwa akikata soli katika kiwanda cha viatu, alikuwa akimtazama mwanawe amelala juu ya daftari lile na kumtania, "Mwanangu, huyo unayemwandikia barua ndefu hivyo mbona hakujibu?"

Penseli haikumtoka mkononi. Alipotimiza miaka hamsini na saba, akiishi katika jiji la Brno, nchini Cheki, kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu na mkewe Zdena, mwalimu wa kwaya, bado alikuwa akichapisha msimbo wa programu kwenye karatasi na kuusoma akiwa amechomeka penseli sikioni kama seremala. Kampuni moja ya mjini ilimwajiri kwa kazi ambayo hata jirani zake walishindwa kuieleza. Alitunza sehemu moja ndogo ya kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kinachokaa chini kabisa ndani ya kompyuta, chini ya picha na vitufe vyote. Ndicho kinachogawa kumbukumbu kwa kila programu na kusemezana na vifaa. Kiini hicho kiliandikwa na maelfu ya watu waliotapakaa duniani, na mtu yeyote alikuwa huru kutuma rekebisho lake, ambalo wao wenyewe waliliita kiraka. Lakini kila sehemu ilikuwa na msimamizi wake, mlinzi wa mlangoni. Sehemu ya vifaa vya kupimia, iwe upepo, joto au kina cha maji, mlinzi wake kwa miaka kumi na tisa alikuwa Vlastimil.

Alikuwa mlinzi mkali. Viraka vilitumwa kwa barua pepe zilizosomwa na kila aliyejiunga na orodha ya wapokeaji, na majibu vilevile, kwa hiyo ukali wake ulijulikana mbali. Vijana waliambiana, "Ukipita kwa Doležel, umepita." Maneno hayo yalipomfikia yalimpendeza. Aliamini kwamba mashine haibembelezwi, basi na anayeiandikia asibembelezwe. Ajabu ni kwamba nyumbani alikuwa mtu mpole. Alimbebea bibi wa ghorofa ya chini mizigo yake ya sokoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Makali yake yote yalikuwa kwenye vidole.

Mwezi wa Desemba ilimfikia barua kutoka kwa mtu asiyemjua.

"Bwana mheshimiwa," ilisema, "mimi si mtaalamu. Natunza nyumba ya wapanda milima huku Jeseníky, na pamoja nayo kituo cha hali ya hewa kilicho juu mgongoni mwa mlima, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Kisanduku chetu cha kompyuta kinakufa. Kiangazi kinaishi miezi. Vuli kilikaa wiki tatu. Sasa ni siku tisa tu. Baridi ikizidi, nacho kinawahi kufa. Nikipanda nikakizima na kukiwasha, kinapona. Fundi aliyekifunga anasema ugonjwa umo ndani ya kiini, upande wako. Watu wa uokoaji wanategemea kipimo chetu cha upepo, ndiyo maana nakusumbua. Oldřich Macháček."

Vlastimil aliisoma akiwa anatafuna mkate wa siagi. Aliandika mstari mmoja: "Kompyuta haiugui baridi yabisi. Leta rekodi za mfumo, au usilete kitu." Akatuma, akasahau.

Oldřich Macháček hakujua rekodi za mfumo ni nini wala zinachukuliwa vipi. Alinyamaza, akaendelea kupanda mlima kila siku ya tisa.

Februari barua nyingine ikaja, fupi.

"Bwana Doležel, naandika kwa mkono wa kushoto, uniwie radhi kwa makosa. Nilikwenda kukiwasha, nikateleza kwenye barafu, nimevunjika mtulinga. Nililala pale hadi watelezaji wawili wa theluji waliponiona. Sikulaumu, barafu ni barafu. Ila sasa hakuna wa kupanda, na kisanduku kimekufa. Kama unajua mtu mwingine wa kumwuliza, nielekeze."

Safari hii Vlastimil aliuweka mkate chini. Alisogeza kompyuta upande wa Zdena. Zdena akasoma ya chini, kisha akapandisha macho akasoma ya juu, na lile jibu la mstari mmoja katikati.

"Huyu mtu alikwambia baridi," alisema Zdena.

"Aliniambia."

"Na wewe ukamtania."

Vlastimil alifuta miwani yake, ingawa ilikuwa safi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa amejikwaa ulimi, kidole akajikwaa mwenzake.

Siku hiyohiyo alitafuta kisanduku cha aina ileile na kipima upepo cha aina ileile. Akavifunga juu ya meza ya sebuleni, akakaa kuvitazama. Kila sekunde kisanduku kilikiuliza kipimo, "Upepo vipi?" na kipimo kikajibu, "Hakuna." Siku tatu, siku sita, siku kumi. Kumbukumbu haikupungua hata chembe. Zdena aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya alimkuta amekaa vilevile.

"Hebu nieleze," alisema akivua koti. "Ni nini hasa unachongoja kitokee?"

"Kuvuja. Chukulia baa ya pale kona. Mteja akiingia anapewa bilauri. Akimaliza bia yake, bilauri inarudi kaunta, inaoshwa, anapewa mwingine. Mchezo hauishi. Sasa, kuna mteja mmoja akitoka anaondoka nayo. Siku ya kwanza huoni. Wiki ya pili bilauri zimekwisha, baa imejaa bia na hakuna pa kuimimina."

"Basi umtafute huyo mwizi."

"Ndiyo kazi. Lakini humu ndani wateja wote ni watu wema, kila mtu anarudisha."

Zdena alicheka. "Humu ndani kuna joto la nyuzi ishirini na mbili, Vlasta. Ukitaka kumwona mwizi wa mlimani, mpe mlima."

Kesho yake, alipofungua friza kutoa uyoga aliougandisha tangu vuli, Zdena alikuta waya umepita kwenye mpira wa mlango, na juu ya uyoga wake kimelala kipima upepo kilichofungwa kitambaa kibichi kilichokwisha kuwa jiwe.

"Na hiki nacho tunakipika na nini?" aliuliza.

Vlastimil alikuwa mbele ya skrini, penseli mdomoni. Kipimo kilikuwa kimeganda, hakikuweza kujibu. Kila sekunde kisanduku kiliuliza, kikangoja, kikakata tamaa. Na kila kilipokata tamaa, kumbukumbu ilipungua kidogo. Kidogo sana, lakini ilipungua, na haikurudi. Ilipofika wakati wa chakula cha mchana idadi ilikuwa imeshuka kiasi cha mtu kuiona kwa macho bila kutafuta.

Sasa ilikuwa kazi ya karatasi. Alichapisha kurasa nne, akazisoma taratibu kama anavyosoma mtu wasia wa marehemu. Njia ya kheri ilikuwa safi: kipande cha kumbukumbu kinaombwa, kipimo kinajibu, jibu linasomwa, kipande kinarudishwa. Lakini palikuwa na njia ya pembeni, ya pale kipimo kinaposhindwa kujibu. Huko msimbo uliandika onyo la kosa, ukageuka, ukaondoka. Bilauri mkononi. Aliangalia nani aliyeuandika mstari huo. Kiini hakisahau mwandishi. Palikuwa na jina lake mwenyewe na tarehe ya miaka kumi na miwili nyuma.

Kukosea hakukumshangaza. Nani aliandika mistari elfu asikosee? Kilichomshangaza kilikuja baadaye, alipopekua barua za zamani kuona kama kuna mtu aliyewahi kulalamikia jambo lile. Palikuwa na mmoja. Miaka saba nyuma, mtu aliyejitambulisha kuwa mwanafunzi, Radka Šindelářová, alituma kiraka cha mistari miwili. "Kipimo kisipojibu," aliandika, "kwa mfano kikishikwa na barafu, kipande cha kumbukumbu hakirudishwi. Kiraka hiki kinakirudisha." Chini yake lilikuwapo jibu la msimamizi:

"Kifaa hiki hakishindwi kujibu, nimekitumia miaka mitano. Binti, jifunze kusoma msimbo kabla ya kuanza kuushona. Hapa si shule ya chekechea."

Chini zaidi, watu wawili walikuwa wameandika vicheko. Radka Šindelářová hakuandika tena, si siku ile wala nyingine. Vlastimil alitafuta jina lake katika barua zote za miaka saba, hakuliona.

Zdena alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Ungemwambia hivyo mtoto wa kwaya yangu, ningekutoa nje kwa mkono wangu." Aliweka kikombe mezani, lakini hakuondoka. "Sasa utafanyaje?"

"Nitatumia kiraka chake. Kwa jina lake."

Alimwandikia Radka kwa anwani ile ya zamani; barua ikarudi, anwani haipo tena. Basi akachukua mistari yake miwili kama ilivyo, akaipachika mahali pake, akakiunda kiini upya. Kipimo kilikaa frizani siku mbili zaidi na kumbukumbu haikushuka. Zdena alirudishiwa uyoga wake. Naye Vlastimil, ambaye angeweza kumwagiza fundi mwingine kwa simu tu, alifungasha begi na kupanda treni kwenda Jeseníky mwenyewe.

Oldřich Macháček alimpokea mlangoni mwa nyumba ya wapanda milima, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye nyusi kama brashi.

"Kumbe ndiwe daktari wa baridi yabisi!" alisema.

Vlastimil alikuwa ameandaa maneno tangu kituo cha treni. Yote yakampotea. "Ndimi," alisema. "Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa yuko juu. Kwanza ule, usije ukaanguka na wewe, tukawa mabawa mawili yaliyovunjika ya ndege mmoja."

Wakanywa supu ya kitunguu saumu, nzito, yenye jibini inayovutika. Oldřich hakuuliza kwa nini alijibiwa vile, na hilo lilimkalia Vlastimil vibaya kuliko kama angeulizwa. Mchana walipanda pamoja, mzee akitangulia na fimbo moja, akimwonyesha pa kukanyaga. Kisanduku kilikuwa ndani ya kibanda cha bati, kipima upepo juu ya mlingoti kimevimba kwa barafu hadi hakina umbo. Vlastimil akaweka kiini kipya, akawasha, akagusa bati kama anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Alikaa kwa Oldřich siku kadhaa, akipanda kila siku kuangalia. Kumbukumbu ilisimama wima. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Oldřich alianza kumwita "daktari" bila kumalizia na "wa baridi yabisi". Siku ya tano asubuhi jua likatoka, barafu ya mlingotini ikaanza kudondoka, na kisanduku kikafa.

Hakikufa kama zamani, kwa kuishiwa taratibu. Kilianguka ghafla, kumbukumbu tele. Vlastimil alipopanda akachukua nakala ya kilichokuwa ndani wakati kinaanguka, aliona kitu asichokitarajia. Mahali palipopaswa kuwa na orodha ya majina ya mafaili, katikati kabisa, palikuwa na namba za upepo. Mita kumi na nne kwa sekunde. Mita kumi na sita. Upepo ulikuwa umeandikwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Aliketi kwenye mawe, karatasi magotini, na kabla mikono haijafa ganzi alikuwa ameshaelewa. Kipimo kilichoganda hakikuwa kimekufa, kilikuwa kimechelewa. Kisanduku kilikata tamaa, kikarudisha kipande cha kumbukumbu kama Radka alivyotaka, kipande kikapewa mwingine. Kisha jua likayeyusha barafu, kipimo kikazinduka, kikaandika jibu lake palepale kilipoagizwa mwanzoni. Angeweza kulirekebisha jambo hilo kabla ya kushuka mlima. Penseli ilikuwa tayari mkononi. Hakuandika.

Jioni aliongea na Oldřich jikoni. "Kiraka si changu," alisema. "Ni cha msichana mmoja niliyemvunjia heshima zamani. Nikikirekebisha peke yangu nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili. Lakini simpati. Anaitwa Šindelářová."

Oldřich aliacha kumenya viazi. Alikuwa akimenya kwa kubana kiazi kwenye mapaja. "Binti wa Šindelář wa kule Jeseník mjini? Wa kiwanda cha mbao?"

"Sijui. Jina lake Radka."

"Radka huyohuyo! Ndiye anayeipangia kazi misumeno ya baba yake, ile inayojiendesha. Daktari, wewe unatafuta mtu dunia nzima kumbe yuko chini ya mlima. Mbao za sakafu hii amezikata yeye."

Kiwanda kilikuwa kidogo, kimeegemea mto, na harufu ya msonobari mbichi ilimfikia Vlastimil kabla ya kelele. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa hivi, nywele fupi, vumbi la mbao kwenye nyusi, alivua vizibo vya masikio alipomwona amesimama getini. Mbwa mkubwa alinyanyuka pamoja naye.

"Tunauza jumla tu," alisema.

"Sikuja kununua. Naitwa Vlastimil Doležel."

Radka alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Doležel wa 'jifunze kusoma'?"

"Huyohuyo."

"Kwenye barua ulikuwa mrefu zaidi." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Haya, bwana Doležel. Umekuja kuomba radhi au umekuja kwa kazi?"

"Vyote viwili. Nianze na kipi?"

"Anza na kazi. Radhi zitanichelewesha kula."

Wakaketi juu ya rundo la mbao, Vlastimil akatandaza karatasi zake. Akamweleza kuhusu kituo cha mlimani, kisanduku, mzee aliyevunjika, kiraka chake kilivyowekwa na kilivyoanguka siku ya tano. Radka alisikiliza akila mkate wake. Vlastimil alipofika kwenye namba za upepo katikati ya mafaili, Radka aliacha kutafuna.

"Jua lilitoka," alisema.

"Ndiyo."

"Barafu ikayeyuka, kipimo kikajibu kwa kuchelewa." Aliivuta karatasi, akaweka kidole penye mstari wa pili. "Hapa. Unakirudisha kipande kabla hujakiambia kipimo kiache kuandika. Kosa hili mtoto analiona. Ulikiweka kiraka changu bila kukisoma?"

Vlastimil alitaka kusema alikijaribu frizani siku mbili. Lakini hakuulizwa kama alijaribu. "Bila kukisoma," alisema. "Niliona jina lako, nikaona haya, nikakiweka."

"Basi hujabadilika. Mara ya kwanza ulikataa bila kusoma, mara ya pili umekubali bila kusoma. Mie nilitaka kitu kimoja tu, nisomwe."

Msumeno nyuma yao ulianza tena, ukala gogo zima, ukanyamaza.

"Jioni ileile niligundua kosa langu," alisema Radka. "Baba alikuwa na kipimo kama hicho juu ya paa letu, ndiyo maana nilijua kinaganda, na nilijua pia kinazinduka. Nikaandika kiraka cha pili. Mistari mitatu, ule wa kwanza unakiambia kipimo kiache kwanza. Nikafungua barua nikutumie. Nikakuta umenijibu."

"Na hukutuma."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliwaona nyinyi watu wa kiini kama maaskofu." Alitupa kipande cha mkate kwa mbwa. "Usijipe ukubwa lakini. Sikuacha chuo kwa ajili yako, nilimaliza, na kazi hii naipenda, mbao hazinijibu ovyo. Ila kiini sikukigusa tena. Na nilikuwa nakipenda."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema taratibu, kama anayetaja jamaa aliyehama.

"Radka," alisema Vlastimil, "nilikukosea. Ulikuwa sahihi, nami sikukutazama. Nilijua kifaa, nikadhani najua na baridi ya kwenu. Naomba unisamehe."

Radka alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. "Umesema vizuri. Lakini ulinitukana mbele ya watu elfu, na hapa tuko wawili na mbwa."

"Nimekuelewa."

"Kiraka cha pili ninacho bado, kwenye kompyuta ya nyumbani. Nitakutumia leo. Safari hii ukisome."

"Nitakisoma kwa penseli. Na tafadhali, niite Vlasta."

Kwa mara ya kwanza Radka alitabasamu. "Kwa desturi, ruhusa ya kuitana kwa majina ya kifupi hutolewa na mwanamke, bwana Doležel. Siku nikiwa tayari nitakwambia."

Kiraka kilifika mchana uleule. Vlastimil alikisoma mezani kwa Oldřich mara nne, akauliza maswali mawili, moja Radka akalijibu, la pili akakubali kwamba ni la haki na kubadilisha neno. Alipanda mlima asubuhi, akakiweka, akashuka. Kisha akaketi kuandika barua iliyomlemea vidole kuliko zote alizowahi kuandika.

Aliituma kwenye orodha, kwa wote. Aliandika kwamba kosa la kuvuja lilikuwa lake tangu miaka kumi na miwili. Kwamba Radka Šindelářová alilileta mbele yake akiwa mwanafunzi, na yeye akalifukuza kwa matusi. Kwamba kwa kosa hilo mtu amevunjika mfupa. Akaibandika lugha yake mwenyewe ya zamani, neno kwa neno, ili asiwepo wa kwenda kuitafuta. "Jibu hili," alimalizia, "ni mfano wa msimamizi asiyefanya kazi yake. Kiraka kilichoambatishwa ni cha Radka. Nimekisoma. Ni kizuri."

Wengine walimsifu, naye sifa hizo hazikumkaa vizuri. Wale wawili walioandika vicheko zamani hawakufanana. Mmoja alimwandikia Radka kumwomba radhi, mwingine alinyamaza. Mtu mmoja asiyemfahamu, kutoka Kolombia, aliandika tu: "Mimi nilikuwa wa mwaka uliofuata. Nawe ulinijibu hivyohivyo." Vlastimil alipekua, akamkuta, akasoma kiraka chake. Hicho kilikuwa kibaya kweli. Akamwandikia ukurasa mzima kumweleza kwa nini, jambo ambalo angelifanya wakati ule kwa robo saa. Baada ya huyo wakaja wengine watatu.

Kituo cha mlimani hakikuzimika tena majira yale yote. Barafu ilikuja ikaenda, kipimo kililala na kuamka, na kisanduku kilivumilia. Mtulinga wa Oldřich uliunga, ukiwa umepinda kidogo. Bado alipanda kila wiki mbili kukitazama, kwa sababu, alivyosema, amezoea, na daktari hakumkataza.

Radka hakurudi orodhani kwa kishindo. Aprili alituma barua moja yenye swali. Mei alimwandikia Vlastimil kwamba, kwa kuwa jioni misumeno haifanyi kazi, ameanza kuisoma tangu mwanzo sehemu yote ya kiini anayoitunza Vlastimil, na atamwambia anachokiona. Vlastimil aliongeza jina la Radka chini ya lake kwenye orodha ya wasimamizi, baada ya kumwuliza naye kujibu, "Haya."

Jumapili moja ya Juni Zdena alikuwa akipakua nyama kwa mchuzi wa maziwa, na mumewe hakuja mezani. Alimkuta chumbani, karatasi zimejaa kitandani, penseli imebaki kipande.

"Ni Radka?" aliuliza.

"Ndiye. Amefika faili la kumi na moja."

"Amekutukana?"

"Hapana." Akageuza ukurasa, akachora mstari chini ya mstari. "Ameandika tu, 'Hapa tena, kosa lilelile.' Mara sita."

"Na ni kweli?"

"Mara tano ni kweli. Ya sita bado naisoma," alisema Vlastimil, akanyanyuka kwenda kula.